Katoni ya Biz Yako: Vile Utaoda Boksi Kali Nairobi Bila Kuchoma Doo

Manze, siku hizi Kanairo kila msee ako na kitu anauza. Mmoja anachanganya siagi ya shea kwa jikoni ya bedsita Kawangware, mwingine anauza raba za mitumba kutoka Toi, mwingine anapika pilipili ya chupa huko Uthiru halafu anaituma Kisumu na basi la usiku. Bidhaa ni safi, picha ni kali, kastoma anatuma M-Pesa bila maswali mengi. Noma inaanza mzigo ukitoka kwa mlango wako: nduthi, duka la kuchukulia parseli tao, buti ya mathree, halafu nduthi ingine. Ikifika imebondeka, kastoma hataposti vile siagi yako ni laini. Ataposti vile chupa imepasuka, na pesa yake atataka irudi.

Wasee wengi wakifika hapo wanakimbilia kuoda maboksi yenye nembo yao. Na hapo ndipo doo inachomeka kabisa. Unalipia katoni 1,000, zinakuja, kumbe saizi si yake, ama karatasi ni hafifu, ama rangi imekuja matope. Katoni hairudishwi kama kiatu. Ukishapasisha ule mchoro, mzigo ni wako. Kwa hivyo kabla hujatuma deposit, pata rada ya hii kitu vile inafanya kazi.

Kwanza, hiyo mawimbi ya ndani inafanya nini?

Chukua katoni yoyote uichane pembeni. Utaona karatasi mbili zimenyooka, na katikati kuna moja imekunjwa mawimbi. Zile za nje zinaitwa laina. Ile ya mawimbi inaitwa fluti. Kila wimbi ni kama tao ndogo ya daraja: karatasi tatu nyepesi zikigundishwa hivyo zinakuwa ngumu kuliko karatasi moja nzito.

Wazo lenyewe halikuanza na maboksi. Mwaka wa 1856 huko Uingereza, karatasi ya mawimbi ilisajiliwa kuwekwa ndani ya kofia ndefu za wazito ili zikae wima. Mwaka wa 1871, Albert Jones wa New York akapata hataza ya kuitumia kufungia chupa na vioo. Yaani kazi ya kwanza ya pakeji hii ilikuwa shida ile ile yako ya leo: kioo kufika kikiwa kizima.

Hapa kwetu, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, hauwezi tena kutupia bidhaa kwa karatasi ya nailoni ukaita hiyo pakeji. Boksi imekuwa ndiyo uso wa biz.

Plai tatu ama plai tano?

Hili ndilo swali la kwanza utaulizwa kiwandani, kwa hivyo usifike ukitoa macho. Plai ni hesabu ya karatasi. Plai tatu ni laina, fluti, laina. Plai tano ni fluti mbili zikiwa na laina katikati na nje. Plai saba pia iko, lakini hiyo ni ya mashine na mizigo mizito, achana nayo.

Kwa parseli ya kawaida ya mtu mmoja, yaani vipodozi, nguo, raba, vitabu, plai tatu inatosha. Plai tano ni ya katoni kubwa inayobeba zile ndogo, ama kitu kizito kama chupa 12 za pilipili zinazosafiri usiku kucha chini ya magunia ya watu. Kuoda plai tano kwa parseli ya nusu kilo ni kuvaa buti za mjengo ukienda harusi.

Halafu kuna urefu wa wimbi. Hizi zinaitwa kwa herufi, na herufi hazifuati ukubwa, kwa hivyo soma pole pole:

- Fluti C, karibu milimita 4. Ya katoni za kusafirisha. Inabeba uzito vizuri zikirundikwa.
- Fluti B, karibu milimita 3. Imebana zaidi, haibondeki haraka ukiifinya, na inachapwa vizuri kuliko C. Ya parseli za kawaida.
- Fluti E, karibu milimita 1.5. Nyembamba na laini, nembo inatoka safi. Boksi za zawadi, simu, vipodozi, na pizza nyingi.

Ukisikia "BC", hiyo ni plai tano yenye fluti B na C pamoja, karibu milimita 7.

Karatasi yenyewe: krafti ama ya kurudiwa?

Maboksi mawili yanaweza kufanana kabisa kwa macho, moja ikabeba mzigo na nyingine ikalala kama chapo. Tofauti iko kwa karatasi. Laina ya krafti inatoka kwa mbao moja kwa moja, nyuzi zake ni ndefu, haipasuki haraka. Jina lenyewe ni Kijerumani, maana yake nguvu. Laina ya kurudiwa inatoka kwa katoni za zamani. Kila ikirudiwa, nyuzi zinakuwa fupi na nguvu inashuka kiasi.

Kenya tulikuwa na kiwanda chetu kikubwa cha karatasi, Pan Paper ya Webuye, hadi kilipofunga 2009. Siku hizi krafti ya nguvu kwa wingi inaletwa na meli, na ndiyo maana bei yake inacheza na dola. Ya kurudiwa inapatikana kwa bei nafuu zaidi, na kwa parseli ya kilo moja au mbili haina noma hata kidogo. Usione haya kuitumia. Kitu cha kuuliza ni uzito wa karatasi, unaohesabiwa kwa gramu kwa mita mraba. Mtu akikwambia "150/120/150" anamaanisha laina ya nje gramu 150, fluti 120, laina ya ndani 150. Andika hizo namba. Ndizo zitakuokoa mzigo wa pili ukija mwepesi kuliko wa kwanza.

Kama unauza chakula, sheria ni moja: chakula chenye mafuta kisiguse karatasi ya kurudiwa moja kwa moja. Weka karatasi ya chakula katikati.

Umbo: usilipie urembo hauhitaji

Viwanda vya dunia nzima vinatumia namba moja za maumbo, zinaitwa FEFCO. Wewe shika mbili tu. 0201 ni ile katoni ya kawaida yenye vifuniko vinne juu na vinne chini, unafunga na selotepu. Inakatwa na mashine ya kawaida, haina gharama ya kisu. 0427 ni ile boksi ya kujifungia yenyewe, kifuniko kinaingia mbele na masikio ya pembeni, ile unaona kwa video za watu wakifungua vitu. Hiyo inahitaji dai, yaani kisu cha umbo, ubao wenye vyuma vya kukata na kukunja, unaotengenezwa kwa saizi yako peke yako.

Boksi ndefu za maua ya Naivasha zinazopitia JKIA ni familia ingine: mfuniko mzima unavaa juu ya mwili, kwa hivyo kuta zinakuwa mbili. Kama bidhaa yako ni nzito na bapa, uliza hiyo pia.

Vipimo: hapa ndipo wengi huanguka

Sheria ya kwanza: kipimo ni cha ndani, na mpangilio ni urefu × upana × kimo. Urefu ni upande mrefu wa mdomo wa boksi, upana ni ule mfupi, kimo ni kwenda chini. Ukichanganya kimo na upana, utaletewa boksi inayofungukia pembeni.

Tufanye hesabu. Tuseme unauza seti ya mikebe minne ya kioo ya siagi ya shea. Kila mkebe una upana wa milimita 80 na kimo cha milimita 70. Unaipanga miwili kwa miwili, na katikati unaweka kigawanyo cha katoni cha milimita 3 ndio vioo visigongane.

- Urefu: 80 + 3 + 80 = 163. Ongeza 5 ya kupumua: 168.
- Upana ni hesabu ile ile: 168.
- Kimo: 70, pamoja na kipande cha katoni cha milimita 3 chini na kingine juu, ni 76. Ongeza 2: 78.

Kwa hivyo unaoda 168 × 168 × 78, za ndani. Kwa fluti B, kila ukuta ni milimita 3, kwa hivyo nje inakuwa karibu 174 kwa 174. Kimo cha nje cha 0201 kinaruka hadi karibu 90, kwa sababu vifuniko vinalaliana juu na chini. Hiyo ya nje ndiyo utatumia ukipima katoni kubwa ya kubebea.

Kwa nini usichukue boksi kubwa tu ujaze magazeti? Mbili. Kwanza, kitu kinachocheza ndani ndicho huvunjika. Pili, ukituma majuu kwa ndege, kampuni nyingi zinalipisha nafasi. Wanazidisha sentimita tatu za nje na kugawanya kwa 5,000. Boksi ya 40 × 30 × 25 inatoa kilo 6, hata kama ndani umeweka mzigo wa kilo 2. Hizo kilo 4 za hewa, aidha unazilipa wewe ama kastoma wako wa Minnesota.

Nguvu: mzigo wa chini ndio unaumia

Katoni hubeba uzito kwa kona zake. Katikati ya ukuta haina maneno mengi. Kwa hivyo mawimbi lazima yasimame wima kwa kuta, kama nguzo. Mawimbi yakilala, boksi inakaa poa mezani na inakunjika ikirundikwa. Ukipokea sampuli, angalia hiyo kabla ya kuangalia nembo.

Sasa hesabu ya stoo. Katoni zako ni kilo 8 kila moja, unazirundika sita. Ya chini inabeba tano: kilo 40. Usiode katoni inayobeba kilo 40! Zidisha kwa 3 hadi 5, yaani uagize inayostahimili kilo 120 hadi 200 ikiwa mpya. Sababu ni kwamba katoni inapoteza nguvu njiani. Unyevu mkali peke yake unaweza kuchukua karibu nusu. Kurundika kona zikiwa hazijakutana kunachukua ingine. Kukaa chini ya uzito wiki nne kunachukua ingine tena. Parseli inayotoka Kinoo asubuhi ya ukungu wa Julai ikaenda kulala Mombasa inapitia hayo yote.

Kiwandani kuna vipimo vitatu utasikia. Cha ukingo, ECT, kinaonyesha vile ukuta utastahimili kurundikwa. Cha kupasua kinaonyesha kama kitu kizito ndani kitatoboa. Cha Cobb kinaonyesha karatasi inanyonya maji kiasi gani. Kwa biz ya parseli zinazorundikwa, uliza ECT kwanza. Kwa chupa nzito na vyuma, uliza cha kupasua.

Kuchapa: nembo yako na rangi ya matope

Kuna njia kama nne, na kila moja ina umri wake kwa biz.

Muhuri na stika. Unanunua boksi tupu, unatengeneza muhuri wa raba wa nembo tao, unagonga mwenyewe. Ama stika. Iko chini kwa bei na hakuna mtu atakucheka. Boksi la kahawia lenye muhuri mweusi uliogongwa vizuri linakaa limepangwa.

Skrini. Mafundi wa River Road na Kirinyaga Road wanaochapa tisheti wanaweza kukuchapia pia maboksi bapa, rangi moja au mbili. Nzuri kwa mia moja mia mbili.

Flekso. Kiwanda kinachapa moja kwa moja kwa katoni, kwa pleti za mpira. Kila rangi ina pleti yake, na kila pleti unailipia mara moja. Hii ni ya maelfu.

Ofseti ya kubandika. Picha inachapwa kwa karatasi nyeupe halafu inabandikwa kwa fluti E. Inatoka kama boksi la simu. Bei pia inatoka kama ya simu.

Kumbuka katoni ya kahawia si karatasi nyeupe. Njano inakuwa haradali, waridi inakuwa matofali, na rangi ya bahari inakuwa matope. Nyeusi haikosei. Kama rangi ni roho ya chapa yako, lipia laina nyeupe ya nje.

Hesabu itakayokuambia kama uko tayari

Hizi ni namba za mfano tu, weka zako. Dai Sh15,000, pleti Sh8,000, jumla Sh23,000 kabla hata boksi moja haijatoka. Boksi yenyewe Sh45.

- Ukioda 500: 23,000 ÷ 500 = Sh46. Kila boksi ni Sh91.
- Ukioda 2,000: 23,000 ÷ 2,000 = Sh11.50. Kila boksi ni Sh56.50.
- Boksi tupu ya dukani Sh35 na stika Sh10: Sh45, na unanunua 50 ukitaka.

Unaona? Kama unauza seti 60 kwa mwezi, maboksi 2,000 ni ya karibu miaka mitatu. Hiyo ni doo yako imelala, na labda mkebe utabadilika kabla ziishe. Boksi ya nembo ni ya biz ambayo bidhaa imetulia na oda zinarudi. Kabla ya hapo, stika.

Na kuna kitu hakuna anayekuambia: mahali pa kuweka. Boksi ya fluti B ikilazwa bapa ni kuta mbili, milimita 6. Mara 500 ni mita tatu za mrundiko. Mara 2,000 ni mita kumi na mbili. Sasa fikiria bedsita yako.

Ukiuliza bei, uliza pia kama VAT ya asilimia 16 iko ndani, kama usafiri kutoka Industrial Area hadi kwako uko ndani, na kama dai na pleti zinabaki zako ukihamia kiwanda kingine. Hilo la mwisho liandikwe. Viwanda vikubwa vingi viko upande ule wa Industrial Area na Mombasa Road, kwa hivyo msee wa Kangemi ama Dagoretti anafaa kuhesabu lori la kuvuka mji mzima kabla ya kusherehekea bei ya chini.

Sampuli kwanza, deposit baadaye

Usilipe mzigo bila kushika boksi tupu ya saizi yako. Karibu kila kiwanda kinaweza kukukatia moja. Weka bidhaa halisi ndani, funga vile utafunga, halafu iangushe. Urefu wa meza, karibu sentimita 76, kwa mzigo usiozidi kilo 9. Mara kumi: kona moja, kingo tatu zinazokutana kwa hiyo kona, halafu nyuso zote sita. Hii ndiyo mitindo ya maabara za pakeji duniani, na wewe unaifanya kwa veranda. Kioo kikipasuka mara ya saba, umeokoa mzigo mzima kwa bei ya mkebe mmoja.

Ukishapita hapo, tuma kiwanda meseji kama hii, na utumie viwanda vitatu meseji ile ile neno kwa neno. Bila hiyo utalinganisha bei za vitu tofauti:

*"Habari. Naomba bei ya katoni FEFCO 0201. Vipimo vya ndani: 168 × 168 × 78 mm (urefu, upana, kimo). Plai tatu, fluti B, mawimbi wima. Karatasi 150/120/150, laina ya nje krafti ya kahawia. Nembo rangi moja, nyeusi, upande mmoja. Uzito wa bidhaa ndani: kilo 1.6. Idadi: 500, na tena 2,000. Tafadhali onyesha kando gharama ya pleti, VAT na usafiri hadi Kawangware. Nitahitaji sampuli tupu kabla ya kupasisha. Kazi inachukua siku ngapi?"*

Yule atakayejibu kila mstari ndiye wa kuanza naye. Yule atakayejibu "Njoo ofisi tuongee bei" bila kugusa karatasi wala fluti, mwache kwanza.

Na jambo la mwisho. Chapa maneno mawili kwa mfuniko: "Tumia tena." Katoni safi isiyo na plastiki ya juu ina soko hata ikizeeka. Wasee wa kuokota wanaiuza kwa kilo, inarudi kiwandani, inakuwa laina ya boksi lingine. Sheria ya taka ya 2022 nayo inaelekea huko, kwamba anayeleta pakeji sokoni awajibike ikishatumika. Kwa hivyo achana na mng'aro wa plastiki juu ya nembo. Boksi kavu, saizi sawa, kona zimesimama: kastoma akifungua hiyo, hata bila kamera, ataoda tena.